Mhariri, ile 29 ilikuwa 20

Mhariri,

Magazeti yakikosea jina la mtu au tarehe ya jambo, kesho yake huweka kijisanduku pembeni chenye kichwa "Masahihisho". Mimi nami nina sahihisho, nalo limechelewa karibu miaka arobaini. Ukiona barua ni ndefu, punguza unapotaka, ila nakuomba usiiguse nambari iliyo mwishoni.

Nilikuwa mpiga chapa pale River Road, Nairobi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Nilianza mwaka 1984 na taipureta ya Olympia niliyoinunua kwa karani mmoja aliyestaafu. Herufi yake ya e ilikuwa na kasoro: kila ukiigonga ilipanda juu ya mstari kidogo, kama mtoto anayechungulia dirishani. Fundi aliniambia niibadilishe, nikasema kesho, na kesho yenyewe haikufika. Barua za kuomba kazi, mikataba ya vyumba, hati za kiapo, kila kilichotoka mikononi mwangu kilikuwa na hiyo e. Wateja waliizoea. Baadaye nikapata mashine ya fotokopi kwa mkopo, na hapo ndipo nilipoanza kuonja pesa.

Mwaka 1987 aliingia bwana mmoja wa makamo, kanzu safi, ana karatasi ya mwandiko wa mkono iliyochakaa kwenye mikunjo. Alitaka ipigwe chapa, kisha itolewe kopi. Ulikuwa Wasia wa Sheikh Ahmad.

Waislamu wa umri wangu hawahitaji kuelezwa. Kwa vijana: Sheikh Ahmad huyo, anayeitwa mtumishi wa msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina, usiku wa Ijumaa alikuwa akisoma Kurani, usingizi ukamchukua, akamwona Mtume akimlalamikia madhambi ya umma wake. Kwamba Ijumaa moja hadi nyingine wamekufa watu elfu mia na sitini wakiwa nje ya Uislamu. Zinafuata nasaha ambazo hakuna wa kuzikataa, swalini, toeni zaka, wanawake wajisitiri. Kisha yanakuja yale ambayo mimi, mtu wa biashara, nayaita masharti. Atakayeunakili wasia huu na kuupeleka mji hadi mji atajengewa kasri peponi. Maskini atatajirika, mwenye deni litalipwa. Asiyeunakili, uso wake utasawijika duniani na akhera. Karatasi ya bwana yule ilikuwa imeongezewa na watu wa huku kwetu: fulani alipuuza akafiwa na mtoto, fulani alinakili akapata faida kubwa dukani. Na mwisho kabisa, toa nakala 20 kabla ya siku nne.

Nikapiga chapa. Aliyewahi kukalia taipureta anajua kwamba kitufe cha 9 na kitufe cha 0 vimekaa jirani, tena kwenye safu ya juu ambako kidole hufika kwa kujinyoosha. Kidole kikateleza. Ikawa nakala 29.

Sikuona. Bwana yule naye hakuona. Alihesabu kopi zake 20 kama karatasi yake ya mkono ilivyodai, akalipa, akaondoka na mzigo wa karatasi zinazoagiza 29. Ukifuata masharti ya wasia wenyewe, alikuwa amepungukiwa tisa na uso wake ulistahili kusawijika. Alirudi mwaka uliofuata kuchapisha kadi za harusi ya mwanawe. Uso wake ulikuwa uleule, labda umenenepa kidogo.

Miaka saba ikapita. Nilikuwa nimeshatoa kopi za wasia huo, kwa matoleo mbalimbali, mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa nikiuona tu naweka karatasi kwenye mashine bila kuusoma. Siku moja mwaka 1994 akaja mama mmoja kutoka Thika, jioni, na buibui lake lina vumbi la safari. Akataka kopi 29. Mashine ilipofika ya 28 karatasi ikakwama, nikamwambia mama, chukua hizi, hiyo moja nakusamehe. Akakataa. Nikamwambia mashine imepata moto, niipoze nusu saa. Akasema atasubiri. Magari ya Thika yalikuwa yanaondoka, giza linaingia, na mikono yake ilikuwa inatetemeka. "Ni ishirini na tisa, ndugu yangu," akaniambia, "si ishirini na nane."

Ndipo nikaitazama ile karatasi. Kila e ilikuwa imechungulia dirishani.

Ilikuwa kazi yangu. Imezunguka miaka saba, nasikitika kusema sijui mikono mingapi, ikarudi kwangu kama samaki aliyemfuata mvuvi nyumbani. Na yule mama alikuwa anatetemekea kidole changu kilichoteleza. Ningemwambia pale pale. Ningemwambia, mama, Sheikh Ahmad wa 29 ni mimi, nenda ukapande gari. Badala yake nilifungua mashine, nikatoa karatasi iliyokwama, nikamtolea ile ya 29. Kopi moja ilikuwa shilingi mbili. Nilipokea shilingi 58 nikanyamaza.

Nimenyamaza mpaka mwaka huu, na ningeendelea, lau si mama yangu mzazi.

Mama ana miaka themanini na kitu. Kitambulisho kinasema 1939, yeye anasema serikali ilimwongezea. Anaishi Majengo, Pumwani, katika chumba kilekile tulichozaliwa sote. Herufi za Kizungu hazijui, lakini Kurani anaisoma vizuri, kwa ile sauti ya chuoni ya zamani inayopanda mwishoni mwa aya. Simu yake ni mulika mwizi. Anaishi na mjukuu wake, binti wa dada yangu, mwanafunzi wa sekondari, ambaye yake ni ya kisasa.

Katika mwezi wa Rajabu binti huyo alipokea ujumbe kwa WhatsApp wakati wakichambua mchele na nyanya yake. "Nyanya, hebu sikia hii," akamsomea. Mlinzi wa kaburi la Mtume ameota. Tuma kwa watu 20 katika saa 24, utapata habari njema usiku wa leo. Ukipuuza, msiba utaingia nyumbani kwako. Binti akacheka, akafungua picha za harusi ya mtu. Kwake ujumbe ulikuwa umepita. Kwa Mama haukupita. Mtu aliyezoea kusikia maneno ya dini yakisomwa kwa heshima, jina la Mtume likitajwa humo, hawezi kuyaweka chini kama ganda la mchele.

Alfajiri akanipigia. Sikusalimiwa. "Mwanangu," akasema, "nina watu kumi na watatu tu."

Sikuelewa. Kumbe usiku kucha alikuwa akihesabu kwa tasbihi, kila punje mtu mmoja, nani yuko hai anayeweza kumfikishia ujumbe. Amefika kumi na tatu. "Wengine wote wako Kariokor," akasema. Wasio wa Nairobi wajue kwamba Kariokor ndiko yaliko makaburi ya Waislamu. "Hao saba nitawatoa wapi?" Akafikiri kidogo, kisha akapata njia. "Wewe si ulikuwa na ile mashine yako? Nitolee kopi saba uzipeleke msikitini."

Nilikaa kitandani na simu mkononi.

Siku hiyo hakunywa chai. Mchana nilimpeleka kliniki, presha ilikuwa imepanda. Muuguzi akamuuliza, mama, kuna jambo linakusumbua? Akajibu, "Barua." Muuguzi akanitazama mimi, akidhani ni barua ya kufukuzwa nyumba.

Jioni nilimleta maalim wa mtaani kwetu, mtu aliyesomea Lamu, mpole, tena anajua kukaa na wazee. Hakuanza kwa kukemea. Alimuuliza, "Mama, uliogopa?" Akasema ndiyo. Maalim akamwambia hilo peke yake si dhambi. Akamsomea hadithi aliyoipokea sahaba Ibn Mas'ud, katika mkusanyiko wa Abu Daud, kwamba Mtume alisema mara tatu: tiyara ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu. Na kauli inayofuatia, ambayo wanavyuoni wengi wanasema ni ya Ibn Mas'ud mwenyewe, ni kwamba hakuna yeyote miongoni mwetu ila jambo hilo humpitia moyoni, lakini Mwenyezi Mungu huliondoa kwa kumtegemea Yeye. Kwa hiyo hofu kupita moyoni ni jambo moja, na kuitii hofu ile ni jambo jingine.

Mama akauliza tiyara ni nini. Hapa maalim alifanya kitu ambacho sikukitarajia. Alisema, "Mama, Waswahili husemaje mtu akiondoka nyumbani akakutana na balaa njiani?" Mama akajibu mara moja, "Ana ndege mbaya." Maalim akacheka. "Ndiyo hiyo hiyo." Akaeleza kwamba neno hilo la Kiarabu limetoka kwa ndege: Waarabu wa zamani, mtu akitaka kusafiri, humtimua ndege na kutazama, akiruka kulia anakwenda, akiruka kushoto anarudi nyumbani. Sisi tumebaki na ndege huyo kwenye ulimi mpaka leo bila kujua alikotoka. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, wakusanyaji wakuu wa hadithi, Mtume alikanusha tiyara, akamkanusha na bundi wa mikosi, na imani juu ya nuksi ya mwezi wa Safar. Mama alisogeza leso yake. Yeye mpaka leo hapendi harusi ifungwe Safar, na alijua kwamba mimi najua.

Kisha maalim akamuuliza swali ambalo baadaye aliniambia amelichukua kwa Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyewahi kuongoza Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, na ambaye aliandika kuupinga wasia huu waziwazi. "Mama, Kurani umeanza kuisoma lini?" Tangu utoto. "Kuna mahali uliposoma, au mwalimu wako alipokwambia, kwamba ukiinakili Kurani na kuipeleka mji hadi mji unajengewa kasri, na usipoinakili uso wako unasawijika?" Hapana. "Basi hii karatasi imekuwa kubwa kuliko Kurani?"

Mama alinyamaza. Halafu akasema astaghfirullah, polepole, mara tatu, na akaomba chai.

Bin Baz, alivyotusimulia maalim, aliuliza kwa watu wa karibu. Baadhi ya jamaa wa huyo Sheikh Ahmad walimjibu kwamba wasia huo amezuliwa tu, hakuusema kamwe, tena mwenyewe ameshafariki muda mrefu. Marehemu lakini kila mwaka bado anaota! Na si jambo la jana. Msomi wa Kiholanzi Snouck Hurgronje aliandika mwaka 1884 juu ya wasia wa namna hii uliokuwa umeenea visiwa vya Indonesia tangu 1880. Hapa karibu, Lindi, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1908, ilizuka barua iliyosemekana imetoka Makka, na serikali ya Wajerumani, iliyokuwa bado haijasahau vita vya Majimaji, iliingiwa na kiwewe ikaona ni uchochezi wa uasi. Nilipoyasikia hayo nilijisikia vibaya zaidi, si nafuu. Nilidhani nimeshiriki upuuzi wa River Road, kumbe nilikuwa karani mmoja tu katika afisi kubwa yenye zaidi ya miaka mia.

Sasa niseme na wanaosambaza, kwa sababu tangu Rajabu nimebishana na wengi, na hoja zao nimezikariri.

Hoja ya kwanza: Mtume amesema, "Fikisheni kutoka kwangu, hata kama ni aya moja." Kweli, iko kwa Bukhari. Lakini nimwombe kila anayeitumia aisome hadithi hiyo mpaka mwisho wake. Haina urefu. Inaanza na fikisheni, inapita kwenye habari za Wana wa Israeli, na inamalizikia hapa: mwenye kunizulia uongo kwa makusudi, ajiandalie makao yake motoni. Amri na onyo vimetoka katika kauli moja. Sisi tumeichukua hadithi tukaikata katikati, tukabaki na ile nusu inayoturuhusu kubonyeza. Mtu atasema, mimi sikukusudia uongo, mimi nimetumiwa. Maalim anajibu kwa hadithi nyingine iliyo katika utangulizi wa Muslim, kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo kusimulia kila anachosikia. Kila anachosikia! Wala si lazima akitunge yeye.

Hoja ya pili ni ya ndoto. Wanasema Mtume mwenyewe amesema aliyeniona usingizini ameniona kweli, kwani shetani hawezi kujifananisha nami. Hadithi ni sahihi. Ila kwanza lazima awepo mtu aliyemwona, na huyu wa WhatsApp hana baba wala mtaa. Na hata angekuwepo, ndoto haileti faradhi mpya. Dini ilikamilishwa, aya ya tatu ya Sura Al-Maida inasema hivyo, na haikuachiwa nafasi ya nakala 20.

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua kwa sababu husemwa na watu wema: hata kama ni uongo, si inawafanya watu wamkumbuke Mungu? Kuna mtu ataswali kwa sababu yake. Hapa naomba tumkumbuke Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume. Siku aliyofariki, jua lilipatwa. Watu wa Madina wakasema jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Fikiria nafasi hiyo, Mhariri. Baba ana msiba, mji mzima umeshaamini kwamba mbingu zinamlilia mwanawe, na imani yao ingezidi bila yeye kusema neno. Angenyamaza tu. Badala yake, baada ya kuswalisha, alisimama akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Aliukataa muujiza wa uongo uliokuwa upande wake, siku anamzika mtoto wake. Na mimi nilishindwa kumwambia mama wa Thika kwa ajili ya shilingi 58.

Jambo jingine nililolifanya ni la utundu wa mtu mstaafu. Nilitaka kujua ujumbe uliomnyima Mama chai umetoka wapi. Nikamuuliza binti wa dada yangu, nani alikutumia? Mama wa rafiki yake wa madrasa, anakaa South B. Nikampigia, mtu wa adabu sana, akasema aliupata kwa wifi yake Mombasa. Wifi akasema ni kikundi cha wanawake wanaochangiana kwa ajili ya Hija. Kwenye kikundi aliuleta mama mmoja wa Malindi, naye aliupata kwa dereva wa lori, mpangaji wake. Dereva nikampata siku ya sita, yuko njiani kuelekea Moyale. Akasema uliwekwa kwenye kikundi cha madereva na nambari ambayo haina jina, na mwenye nambari alishatoka kikundini. Nikaipiga. Haipatikani.

Watu wanne, wote waaminifu, wote wanaswali, hakuna ambaye ningeogopa kumkopesha pesa. Kila mmoja alinijibu kwa maneno yaleyale: "Nimeutuma kama nilivyoupokea." Na mwisho wa mnyororo, simu iliyozimwa. Nilipompelekea maalim orodha yangu alifurahi kama mtoto. Akaniambia, umefanya kazi ya watu wa hadithi. Wao walisafiri miezi kwa ngamia kuuliza swali hilohilo, umeipata kwa nani, na wakifika kwa asiyejulikana, hadithi inawekwa kando hata kama maneno yake ni matamu. Abdullah bin al-Mubarak, mwanachuoni wa zamani, alisema isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi, ni sehemu ya dini, na lau si isnadi angesema mwenye kusema lolote alitakalo. Sisi tumerithi dini iliyojengwa juu ya swali la umeipata kwa nani, halafu tunaona haya kumuuliza wifi.

Kurani ina aya inayonirudia kila nikishika simu. Ni katika Sura An-Nur, kuhusu kashfa aliyozuliwa Bibi Aisha: mlipoyapokea kwa ndimi zenu. Kwa kawaida masikio hupokea, kisha akili ikapima, kisha ulimi ukasema. Aya inasema mliyapokea kwa ndimi, kana kwamba habari haikupita kabisa njia ya akili. Na mkadhani ni jambo dogo, nalo mbele ya Mwenyezi Mungu ni kubwa. Leo tunayapokea kwa kidole gumba.

Ujumbe wa Ramadhani, ule wa kwamba atakayekuwa wa kwanza kumpa mwenzake habari za mwezi, moto unaharamishwa kwake, sitauzungumzia sana. Hauna asili katika hadithi, na mwaka huu nimepewa habari hiyo na watu kumi na wanne, wote wa kwanza. Wenye WhatsApp wenyewe, kampuni ya Marekani isiyo na haja na pepo yetu, tangu Aprili 2020 wameweka kwamba ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi, wenye mishale miwili, unaweza kuupeleka mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Nimeona ndugu zangu wakiukwepa mpaka huo kwa kunakili maneno na kuyabandika upya, mmoja mmoja, kwa subira ambayo wakiambiwa wasome juzuu moja hawana.

Wasimamizi wa vikundi vya misikiti nawaomba jambo dogo. Mtu akileta ujumbe wa namna hii, msimfukuze wala msimuaibishe mbele ya watu, maana anayetuma mara nyingi ni yule anayeogopa. Mpigieni simu. Kuna mzee mahali anahesabu watu kwa tasbihi.

Kabla ya kuondoka siku ile, maalim alimfundisha Mama dua fupi, akaikariri papo hapo: ewe Mola, hakuna kheri ila kheri yako, wala hakuna ndege ila ndege wako, wala hakuna mola ila wewe. Aliipenda kwa sababu ya yule ndege. Saa 24 zilipotimia tulikuwa tumekaa wote watatu, mimi, yeye na mjukuu, na hakuna aliyesema kitu, lakini nilimwona anaangalia saa ya ukutani. Ikapita. Adhana ya Isha ikatoka.

Baada ya swala nilimweleza Mama habari ya 1987 na ya 1994. Sikuwa nimemwambia mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Yule mama wa Thika, uliwahi kumtafuta?" Nikasema sijui jina lake. "Mjukuu wangu anasema gazeti linafika Thika," akasema.

Kwa hiyo, Mhariri, hili ndilo sahihisho. Kama kuna mtu Thika, au popote ilipofika, aliyehifadhi ndani ya msahafu au sandukuni mwa marehemu mama yake karatasi ya Wasia wa Sheikh Ahmad, ya Kiswahili, ambayo herufi zake za e zimepanda juu ya mstari, na mwisho wake inataka nakala 29, karatasi hiyo ni yangu. Nambari ilikuwa 20, na hata hiyo 20 haikutoka kwa Mtume. Usiitolee kopi. Usiitupe kwenye taka pia, kwa sababu ina jina la Mwenyezi Mungu. Ichome au izike mahali safi. Na kama wewe ndiye yule mama wa jioni ile, nina deni lako la shilingi 58.

Mpiga chapa mstaafu,
Pumwani, Nairobi